Friza Iliyosomewa Dua

Gharama yote ilikuwa mbuzi wanne, debe moja la mafuta ya taa, na mikeka miwili ya kuazima ambayo haikurudi. Nimehesabu mara mbili. Mara ya kwanza nilipata mbuzi wawili tu, kwa sababu nilisahau wale walioliwa na wafiwa.

Wakati huo tulikaa Koboko, na mimi ndiye niliyekuwa na friza ya mafuta: sanduku refu jeupe, chini yake utambi unawaka, nyuma dohani ya kutoa moshi. Watu walikuja kuangalia tu jinsi moto unavyotengeneza barafu. Niliinunua kwa nusu ya bei, na bado nilikuwa na uhakika nimeibiwa.

Shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, alikuwa anaolewa Arua Ijumaa. Jumatatu mama mkwe alifika kwangu na mbuzi wawili na kuwachinja hapohapo. Miaka ile mbuzi aliyefungwa nje alikuwa mali ya yeyote mwenye bunduki. Mbuzi aliyeganda angalau hapigi kelele. Nikapanga vipande arobaini na sita ndani ya friza. Nikarudia kuhesabu, vilikuwa arobaini na sita.

Jumatano asubuhi barafu ilikuwa maji.

Kwetu mkwe hazungumzi na mama mkwe ana kwa ana. Yeye alikaa upande wa pili wa pazia, akamwambia mke wangu kwa sauti ya kufika sokoni: "Muulize mume wako, hii nyama iko ya harusi ama iko ya fisi?"

Nikamleta fundi wa redio, kwa sababu fundi wa friza hakuwepo. Aliweka glasi ya chai juu ya friza, akatazama kama chai imeinama, kisha akainywa.

"Imesimama sawa," alisema. "Lakini dawa ya ndani imelala. Lazima tuigeuze, kichwa chini, mpaka alasiri."

"Na bei?"

"Bei iko palepale, kichwa juu, kichwa chini."

Tukatoa nyama. Wanaume wanne tukaibeba friza hadi uani, tukailaza juu ya mikeka ya jirani, miguu yake ikitazama mbinguni. Mama mkwe alihofia vumbi, akamtuma mke wangu aifunike shuka jeupe. Nyumba nzima ilinuka ubani, kama ilivyonuka tangu Jumatatu. Nilidhani ni mambo ya harusi.

Sasa fikiria unapita njiani. Unaona wanaume wanne na sanduku refu. Unaona shuka jeupe. Unasikia ubani. Utafanya nini? Utakwenda kuvaa kanzu.

Saa sita watu kumi na tisa walikuwa wameketi uani kwangu. Nikahesabu tena, wakawa ishirini na tatu. Jirani mzee akaisomea friza dua, akanishika bega.

"Alikuwa mtu mkubwa," alisema, akipima sanduku kwa macho.

"Baba, hakuna maiti. Hii ni friza."

"Pole, mwanangu. Uchungu unasemesha mtu mengi."

Nikafunua shuka. Akalirudisha haraka, akasema wanawake wasione.

Kutoka nyuma ya pazia sauti ikatoka: "Mwambie mume wako watu hawafukuzwi wakiwa na njaa. Na hiyo nyama inatoka jasho. Pikeni." Tukapika. Walikula vipande arobaini na sita, wakaomba mchuzi.

Alasiri tuliisimamisha friza. Fundi akaipiga kofi mgongoni, na kutoka kwenye dohani likadondoka bonge jeusi, linanata. Akalinusa.

"Bwana, hii masizi iko na harufu ya bibi harusi."

Ulikuwa ubani. Mtu alikuwa akiuweka juu ya mdomo wa dohani ili ufukize nyumba, ukayeyuka, ukatiririka ndani na kuziba moshi. Pazia likatikisika. Halafu: "Moto si ulikuwa unawaka bure? Ningenunua makaa ya nini?"

Ningemkasirikia, lakini hesabu hiyo hiyo ningeipiga mimi.

Alhamisi alfajiri nilikwenda Kuluba kutafuta mbuzi wawili wengine. Habari ilikuwa imenitangulia: muuzaji alinipa pole ya msiba na bei ya harusi kwa pumzi moja. Nikalipa. Shemeji aliolewa, wageni wakashiba, na friza, tulipoiwasha tena, iligandisha maji safi kabisa. Kingine cha kugandisha hakikuwepo.

Mama mkwe yu hai. Kila Idi ananitumia pakiti ya ubani, bila neno. Ninazo kumi na moja. Nilizihesabu jana, na leo. Basi wewe unayesoma, kama una mama mkwe na una akili, nishauri: mbuzi wawili wanadaiwaje kupitia pazia? Au hizi pakiti ndizo malipo, na ubani mmoja ni sawa na mguu upi wa mbuzi?