Sema Kama Unaomba Maji

Mwaka ule tulikula michembe, viazi vitamu vya kukausha, asubuhi na jioni, mahindi yalikuwa yamekauka shambani. Mtu wa mgodi akasimama uani na kipaza sauti: "Wananchi, zingatieni umbali salama wakati wa zoezi la ulipuaji!"

Mama alichochea kuni, nami nimeng'ang'ania kanga yake, akamwambia: "Baba, siondoki hapa mpaka useme kama unaomba maji."

King'ora kikalia. Yule baba akatupa kipaza sauti. "Mama, mawe yanaruka sasa hivi! Beba watoto, kimbia!"

Tulikimbia. Tuliporudi, jiwe lilikuwa limepasua chungu, michembe imetapakaa majivuni.

Leo michembe inanukia jikoni kwangu. Mjukuu wangu, niliyemlea mimi, kavaa helmeti ya mgodi, kapendeza! Ananisomea tangazo lake la kesho: "Zoezi la ulipuaji litatekelezwa..." Nachochea kuni, namwambia:

"Baba, siondoki hapa mpaka useme kama unaomba maji."