Ncha Nilizoziacha Bila Oili

Mimi ni mwoga. Nilizaliwa hivyo, magharibi mwa Kenya, na nilipoolewa nikaja Kampala, woga niliufunga pamoja na nguo zangu. Mume wangu hunicheka, nami humjibu kwamba kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Kwa hiyo tulipofikia kuezeka nyumba yetu, kwenye mteremko chini ya Kyambogo, uamuzi wa paa aliniachia mimi. Alisema anayekosa usingizi ndiye achague.

Njia zilikuwa mbili. Fundi wa kuchomelea alitaka paa lishikwe na chuma: hakipindi, hakiozi, na mchwa hawana meno ya kukitafuna, mradi kipakwe rangi ya kuzuia kutu. Seremala alitaka mbao za mkaratusi, kwa sababu mbao hata mtu wa kawaida anaweza kuzikata na kuzibadilisha. Niliwasikiliza wote wawili, nikaona wote wanasema kweli, nikazidi kuogopa. Mama yangu, aliyekuwa amekuja kututembelea, ndiye aliyemaliza maneno. "Chuma kinaita radi," alisema.

Nilipokuwa mtoto radi ilimuua ng'ombe wa jirani aliyefungwa kwenye nguzo ya chuma, na harufu ile sijaisahau. Fundi wa kuchomelea alinitazama kwa huruma. "Sasa nyabo, bibi yangu, mabati yako si chuma?" Nilichagua mbao.

Mume wangu ni makanika, na kwetu mbao hupakwa oili chafu, ile nyeusi inayomwagwa magari yakifanyiwa sevisi. Alileta madumu mawili. Mimi na Mama tukashika matambara, tukapaka siku nzima mpaka mikono ikawa myeusi hadi kwenye viwiko. Mwisho zilibaki boriti tatu ndefu za chumba cha pembeni, na hizo zilikuwa zangu. Mawingu yalikuwa yanajikusanya, na mafundi walikuwa wamekaa juu ya ukuta wakinisubiri. Nilipaka mbavu, nikapaka juu na chini, ncha nikaziacha. Ncha zinaingia ukutani, zinafunikwa na saruji, nani ataziona? Nikaenda kunawa.

"Na ncha?" Mama aliuliza.

"Nimepaka."

Chumba kile cha pembeni kilikuwa chake. Kwetu mama hafai kulala chini ya paa la mkwe wake, na mkwe hakanyagi mahali anapolala mama wa mke wake, sembuse kumgusa. Kwa hiyo tulikijenga kimeegemea nyumba lakini kina paa lake na mlango wake wa uani, ili akija asilale kwa mkwe, alale kwake. Majirani zetu wa Kiganda walituelewa bila kuelezwa, maana nao mkwe wanamwogopa vivyo hivyo.

Miaka ikapita. Mama akaanguka, akavunjika nyonga. Alilazwa hospitali ya Mulago, na alipotoka hakuweza tena kusimama peke yake. Tukamleta kwenye chumba chake. Kila asubuhi mume wangu alikuja uani, akasimama karibu na dirisha, akaligeuzia mgongo kwa heshima na kuuliza, "Mama, umeamkaje?" Naye akajibu, "Nimeamka, mwanangu." Nilimpenda sana mume wangu nikimwona amesimama vile, anazungumza na mipapai.

Halafu asubuhi moja nikakuta udongo kwenye blanketi la Mama. Kidogo tu, wa kujaza kijiko. Chumba hakikuwa na dari, nikainua macho, nikaona boriti zangu tatu, nyeusi, nzuri, hazina hata tundu. Mama alipolala mchana nilichukua mpini wa ufagio nikazigonga. Ya kwanza ililia. Ya pili ililia. Ya tatu, iliyopita juu ya mto wake, ilisema "pu."

Nilijua papo hapo kwamba mchwa wamepitia kwenye ncha. Kila mtu anaijua methali ya ufa na ukuta, lakini mimi sikuwa na ufa wa kumwonyesha mtu, nilikuwa na kijiko cha udongo na uongo wangu mwenyewe. Mume wangu haingii humo, hawezi kuona. Nikimwita fundi, atauliza zilipakwaje. Basi kila asubuhi nilikung'uta blanketi haraka haraka, huku nikipiga soga kuhusu bei ya nyanya, na usiku nilihesabu hatua kutoka kitandani kwangu hadi kwa Mama. Zilikuwa kumi na tisa. Mimi ningeweza kukimbia. Mama asingeweza. Nilijiambia nitasema Jumatatu, na Jumatatu zikapita tatu.

Mvua kubwa ilitukuta Jumapili mchana. Upepo ulitoka upande wa ziwa, mabati yakaanza kuruka na kurudi, nami nilikuwa kwa Mama namlisha uji. Nikasikia boriti ikilia juu yetu, sauti ndefu ya kitu kinachochanika. Vumbi likaingia ndani ya kikombe. Nilimshika Mama mabegani nikavuta, akapiga kelele ya maumivu, hakusogea. Nilivuta kitanda, miguu yake ikakwama kwenye sakafu. Nikamwita mume wangu kwa sauti ambayo sikujua ninayo.

Alikuja mbio, akafika mlangoni, akasimama. Mvua ilikuwa inampiga mgongoni.

"Ingia!"

"Ni Mama," alisema, karibu kulia. Miguu ilimkatalia kabisa. Nilimchukia wakati huo, naandika ukweli, nilimchukia.

Mama ndiye aliyesema, taratibu, kama anamwelekeza mtoto njia. "Fumba macho, mwanangu, uje."

Akafumba. Nikamvuta kwa mkono wa shati hadi kitandani. Akainama, akapapasa, akamwinua Mama pamoja na blanketi lake, nami nikawaongoza nje. Tulikuwa hatujafika kwenye veranda boriti ilipoanguka, ncha moja kwanza, pamoja na mabati yake. Mto ulipasuka. Mume wangu alikuwa bado amefumba macho, anauliza ni nini hicho.

Usiku ule Mama alilala sebuleni, chini ya paa la mkwe wake, na hakuna aliyelizungumza. Asubuhi seremala alikuja, akageuza boriti kwa mguu. Ndani ilikuwa imebaki ganda. "Mchwa imepita kwa ukuta, ikaingia na huku mwisho," alisema. "Hapa hakuna oili hata tone. Nani alipaka hii?"

Mume wangu alinigeukia. Nikafungua mdomo.

"Mimi," Mama alisema kutoka kwenye godoro. "Ni mikono yangu ya kizee."

Nikafunga mdomo. Nilimwacha abebe.

Safari hii tuliweka chuma. Nilizipaka ncha kwanza, zote, mara mbili, rangi nyekundu ikaniganda kwenye kucha. Kuhusu radi Mama hakusema neno. Lakini alasiri ya kwanza ngurumo zilipoanza alijifunika shuka hadi kidevuni, nikaona linatetemeka. Nikakaa kitandani kwake.

"Mama, zile ncha..."

"Najua. Siku ile ulinawa kabla yangu, na ncha zilikuwa bado nyeupe."

"Mbona hukusema?"

"Mgongo uliniuma. Na mimi nilitaka tumalize."

"Na udongo?"

"Nilikuwa nakuona ukiukung'uta," alisema. "Kila asubuhi nilingoja useme."

Radi ikapiga mahali karibu, chumba kikawa cheupe. Alinishika mkono kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo, nami nilitetemeka kuliko yeye. Kabla ngurumo haijaisha nikasikia hatua uani, na mume wangu akauliza dirishani kama tuko salama. Nikasukuma dirisha. Nikamwambia zile ncha nilikuwa nimepewa mimi, nikaziacha, na kwamba niliujua udongo ule wiki tatu.

Alikuwa ameligeuzia dirisha mgongo, kama kawaida yake, kwa hiyo uso wake sikuuona.