Uwanja Usiofagiwa

Habari za kifo chake nimezipata Kasekese, kwa dereva wa lori la mahindi aliyesema tu, "Yule mama wa vitenge wa Shanwe, mwenye nyasi uani, tumemzika Ijumaa." Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai, nikakaa nacho mpaka kikapoa. Wasomaji wangu mnajua sikai mahali pamoja. Lakini kwa mama yule nilipanga chumba masika mazima, na kila mji niliopita baadaye nimetafuta uwanja kama wake, sijaupata.

Huku kwetu mwanamke hupimwa kwa ufagio. Alfajiri uwanja ufagiwe mpaka ung'ae kama sahani, jani lisionekane, nyoka asipate pa kujificha. Yeye naye alifagia hivyo miaka yote, hadi alipoona kizingiti chake kinazidi kwenda juu na ufa umeanza kupanda ukutani. "Mlango haujapanda," aliniambia. "Uwanja ndio unashuka. Nimeutupa mwenyewe barabarani, kidogo kidogo, na mvua inamalizia." Maji yalikuwa yanachimba chini ya matofali mabichi. Nyumba ikianguka, arudi Usevya kukaa kwa kaka yake, na hilo hakutaka hata kulisikia.

Basi akauweka ufagio pembeni. Tukapanda ukoka, tukapanga mawe, tukaotesha mchaichai kukata mteremko, tukachimba mfereji mpana usio na kina, uliopinda taratibu kuelekea migombani. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa vyama vingi, na majirani hawakumwacha. "Mama, chama chako ni cha nyasi?" Wifi yake, dada wa marehemu mumewe, aliyeishi nyumba ya pili, ndiye aliyechoma zaidi.

"Wifi, wageni wakiuliza tuseme unaumwa?"

"Semeni nafuga."

"Unafuga nini, nyoka?"

"Nafuga nyumba."

Mvua kubwa ilipokuja tulisimama mlangoni. Maji yakashuka mekundu, yakagonga mchaichai, yakapunguza mbio, yakageukia migombani. Ukuta ukabaki. Kulipokucha wifi akaja na sufuria tupu. "Nipe shina moja la mchaichai, na usicheke."

"Nacheka ndani kwa ndani," akamjibu.

Vipepeo walikuja baadaye, na ndege wadogo nisiowajua majina. Mchana wa jua kali, watoto wa mtaa mzima walihamia pale kwa sababu ardhi haikuwaunguza nyayo. Nimepita vijiji ambako miti inaisha kwa kukausha tumbaku, na mitaa ya Mpanda ambako nyua zimeungana, nyekundu na tupu, na kila mara nimeitamani harufu ya mchaichai uliokanyagwa baada ya mvua. Natamani kumuuliza mambo mengi ambayo sikumuuliza.

Dereva aliniambia vijana walikuja msibani na majembe, kwa heshima kabisa, waparue uwanja ili waombolezaji wapate pa kukaa. Wifi akasimama katikati ya ukoka, kanga kiunoni. "Nyie, mikeka itandikeni juu ya majani. Anayeogopa nyasi akakae barabarani!" Wakatandika.

Ninachokichukua kwake ni hiki: ardhi tunayoishi juu yake haiombi kung'arishwa, inaomba kufunikwa. Na anayeifunika vizuri huwaachia watu mahali laini pa kukaa, hata siku ya kumlilia yeye.