Nilichora Ufa wa Babu Kifuani kwa Nungunungu

Admin, nifiche jina. Na ninyi ndugu zangu mnisamehe, kisa hiki nimekaa nacho tangu mvua za kwanza, kila nikianza kuandika nafuta. Nimechoka. Nisomeni hivyo hivyo.

Mimi ni mama wa miaka ishirini na sita, niliishia kidato cha nne. Naishi Bugarama na mume wangu, mchimbaji mdogo. Mimi naponda mawe ya dhahabu kwa nyundo. Tuna mtoto mmoja wa kiume, anakwenda miaka mitatu, hapa nitamwita Masele. Amepewa jina la marehemu baba yake mama mkwe. Mtoto alipokuwa mchanga aliugua sana, wazee wakasema babu anataka kukumbukwa, ndipo mama mkwe akamvisha shingoni kisahani cheupe cha gamba la baharini alichokuwa anavaa huyo babu. Tangu hapo mama mkwe hamwiti mjukuu wake kwa jina. Anamwita "baba". Sisi tunacheka, yeye hacheki.

Kuchora nilianza shuleni. Sasa nachorea kwenye simu, asubuhi kabla ya nyundo, maana nikishaponda vidole vinatetemeka. Mwaka jana dada mmoja wa Dar anayekusanya wachoraji alinipa kazi ya gemu la mtandaoni. Ndani yake kuna makabila ya viumbe wa kubuni, na kabila moja linaishi chini ya ardhi, nusu watu nusu nungunungu. Akaniambia, "Wavishe mavazi ya vita, ila yatoke kwenu. Mavyuma ya kizungu tunayo tele."

Nilifurahi jamani. Nani anawajua watu wa chini ya ardhi kuliko mimi ninayemsubiri mume juu ya shimo? Nikakumbuka ngoma ya bununguli, ya wale wawindaji wanaomfuata nungunungu mpaka ndani ya shimo lake. Mabegani nikaweka miiba, miguuni njuga, mkononi ngao ya ngozi ya ng'ombe. Kifua kikanishinda. Kila nilichoweka kilionekana uongo. Siku moja namwogesha mtoto, kidole kikapita kwenye kile kisahani. Kina ufa, unaanzia kwenye tundu la kamba halafu unapinda kama njia ya mchwa. Nikamuuliza mume wangu, akajibu huku anakula, "Chora tu, si wewe ndiye fundi?" Nikachora, pamoja na ufa wake.

Wenye gemu wakaipenda. Wakaiweka kwenye gemu la kujaribia, lile wanaloruhusiwa watu wachache kulicheza kabla halijafunguliwa kwa wote.

Jumapili moja tulikwenda kumsalimia mama mkwe, kijijini upande wa Mwadui. Tukamkuta anamenya karanga. Shemeji yangu wa bodaboda akafungua gemu kwenye simu yake kwa majigambo. "Mama, ona kazi ya mke wa kaka! Ukoo wetu leo uko dunia nzima!"

Mama mkwe akaiona ile miiba akacheka. "Huyu si mjomba wenu akishalewa?" Tukacheka wote. Mara mchezaji mwingine akampiga yule nungunungu, akaanguka, akaanza kuvuliwa.

"Anamfanyia nini huyo?"

"Anamvua, mama. Ukimuua mtu unachukua mavazi yake unavaa wewe. Ndio mchezo."

Akaichukua simu. Akamvuta mtoto, akakiweka kisahani kando ya kioo. Ufa na ufa. Karanga zikamwagika, hakuna aliyeokota.

"Mama Masele," akaniambia, wala hakupaza sauti, "visahani viko vingi. Ungechora chochote. Huu ufa baba aliupata siku alipoanguka na mzigo wa pamba, hakuna mwingine anao. Umempeleka baba yangu akavuliwe nguo mbele za watu."

Akambeba mtoto. "Baba anabaki kwangu."

Njiani nikamwambia mume wangu, "Wewe ulisema nichore." Akanijibu, "Nilisema uchore, sikusema umchore babu. Usiniweke katikati, yule ni mama yangu." Tangu hapo ananiambia niache kuchora kabisa. Hapo nimekataa. Kazi siachi, na mtoto simwachi.

Nilirudi peke yangu kumchukua. Nikapiga magoti mlangoni, "Shikamoo mama." Namsikia mwanangu ndani anacheka na kuku. Baadaye sauti ikatoka, "Ufa ukitoka huko kwenye gemu, baba atarudi kwenu."

Nikamwandikia dada wa Dar. Akajibu vizuri tu, hana ubaya. Lakini wenye gemu wameupenda ule ufa kuliko vyote, wanasema hauonekani kitu cha kutungwa. Watautoa nikileta kifua kipya chenye uhai ule ule kabla gemu halijafunguliwa kwa wote mwisho wa mwezi huu. Nisipoleta, unabaki. Nami nikichora bila ufa kinatoka kifuniko cha ndoo. Nyumba imekuwa kimya, asubuhi nashika simu naangalia ndala zake ndogo, basi, muda wa nyundo umefika.

Kwa hiyo nisaidieni mawazo, na msinitumie hela wala namba za waganga. Ninachohitaji ni picha ya kitu kikuukuu cha kuvaa kifuani, chenye kovu lake, ambacho mwenyewe yuko hai na amekubali kwa mdomo wake kwamba kitaonekana kikivuliwa. Kipigwe picha mbele, nyuma na ubavuni, juani, bila urembo wa kamera. Mniambie pia kovu lilipatikanaje, maana siwezi kuchora nisichokijua.

Na mama zangu mliokwisha kuwa mama wakwe, ninyi nitumieni neno moja la kuanzia pale mlangoni. Shikamoo yangu bado haijaitikiwa.