Kisanduku cha Gitaa Kwenye Harusi ya Dada

Aliyebuni kisanduku changu cha gitaa hajawahi kuvua viatu. Ni kile chombo cha kidijitali unachokichomekea gitaa, nacho hulifanya lilie kama udi, kama kinanda, kama mvua kwenye mabati ukitaka, na hata usipotaka. Kina skrini ndogo kama kiberiti, na kitufe kimoja cha kuzungusha ambacho sasa hivi ni sauti, baadaye kidogo ni mwangwi, kisha hujui tena ni nini. Chini zimebanana pedali mbili za chuma. Ukikanyaga moja, unabadilisha mlio. Ukikanyaga zote mbili, kinarekodi, na ukizikanyaga tena kinarudia kilichorekodi bila kuchoka. Mwenye buti pengine ataweza. Kwetu Garissa wapigaji wa harusini hukaa juu ya zulia, na juu ya zulia hakuna viatu. Kidole gumba cha mguu wangu kina upana wa pedali moja na nusu.

Harusi ilikuwa ya dada yangu. Bwana harusi alitoka Ijara, na ndoa yenyewe ilipatikana kwa taabu. Wazee wa pande mbili walikunywa chai miezi mingi kabla ya kukubaliana, na kila upande ulikuwa bado unatafuta sababu ya kununa. Dada aliniomba jambo moja tu: "Walaal, ndugu yangu, leo usituaibishe."

Tulikaa nyuma ya pazia, upande wa akina mama. Amplifaya ilikuwa na tundu moja tu lililo zima, kwa hiyo maikrofoni nayo nikaichomeka kwenye kisanduku, nikajiona fundi kweli kweli. Ayeeyo, yaani bibi yangu, akaishika na kuanza buraanbur, mashairi ambayo wanawake wetu wa Kisomali huyasema harusini kwa ngoma na vigelegele. Alipokuwa akiwasifu wageni nikanyoosha mguu kumwongezea mwangwi. Kidole kikagusa pedali zote mbili. Yeye akaendelea na uchokozi wake, kama desturi inavyoruhusu: "Mlituambia ngamia wa mahari wataziba njia. Vumbi tumeliona, ngamia hatujaona!"

Wageni wakacheka sana. Uchokozi wa buraanbur husemwa mara moja, ukachekewa, ukapita. Mimi nikakanyaga tena ili nirekebishe kosa.

"Vumbi tumeliona, ngamia hatujaona," kikasema kisanduku. Wachache wakacheka. "Vumbi tumeliona, ngamia hatujaona." Hakucheka mtu.

Nikakanyaga kukizima. Kumbe kukanyaga mara ya tatu ni kurekodi sauti nyingine juu ya ile ya kwanza, na Ayeeyo, maikrofoni ingali mdomoni, alikuwa akinifokea, "Zima shetani huyo!" Sasa walikuwa Ayeeyo wawili, mmoja akiulizia ngamia na mwingine akitaja shetani, na wageni hawakujua ni shetani yupi. Nikainama nisome skrini, jua lilikuwa limeifuta yote. Nikazungusha kitufe, Ayeeyo akageuka jitu linalonguruma kutoka kisimani. Nikachomoa waya wa umeme. Kikaendelea, kwa sababu stima yetu inavyokatikakatika, asubuhi nilikuwa nimekitia betri mpya kwa mikono yangu mwenyewe. Mwisho nikang'oa waya wa spika.

Pazia likafunguliwa. Alikuwa mama wa bwana harusi.

"Shairi hujibiwa kwa shairi," akasema. "Na langu lirudiwe kama la kwenu. Rudisha waya."

Nyuma yake niliona macho ya dada yangu. Nikarudisha waya, nikakuta kisanduku kimetulia chenyewe, nikakanyaga pedali zote mbili, safari hii kwa makusudi. Yule mama akajibu kwamba ngamia wao walifika, wakakuta watu wa mjini wanagombania ndoo ya maji, wakaona huruma wakarudi malishoni. Vigelegele vikapasua hema. Hata Ayeeyo alipiga.

"Haya, rudia."

Nikakanyaga.

"Vumbi tumeliona," likanguruma lile jitu, "ngamia hatujaona."

Niliogopa, sitaficha. Niliiona ndoa ya dada yangu ikipakiwa garini na kurudishwa Ijara. Mama wa bwana harusi akamgeukia Ayeeyo taratibu.

"Huyu ni wa kwenu?"

Ayeeyo akanitazama kuanzia kichwani hadi kwenye kile kidole.

"Wa kwetu? Tulimwokota Modogashe. Alianguka kwenye lori."

Yule mama alicheka mpaka akalishika pazia asidondoke, nalo likashuka naye. Ayeeyo akamwinua, huku naye machozi ya kicheko yakimtoka. Wakaondoka wameshikana mikono kwenda kwenye sinia la wali, wakiulizana kama lile lori bado linapita, ili nirudishwe.

Nikabaki nakunja nyaya. Msichana mmoja wa upande wa Ijara akamuuliza dada yangu mimi ni nani hasa. Dada ni mtoto wa mama yangu, tumekula sahani moja tangu utotoni.

"Ni mpiga gitaa," akasema. "Wamemkodi tu."