Birika la Mwigizaji Bora wa Kike

Niliwahi kuwa mwanamke bora Nairobi nzima, na anayetaka kucheka acheke sasa tumalizane. Enzi za Hali ya Hatari hakuna baba aliyekubali binti yake apande jukwaani, kwa hiyo mama, shangazi na bibi harusi wote tulikuwa sisi wanaume. Mchana nilikuwa dobi kule Westlands. Jioni nilijifunza kulia kama mjane.

Kila mwaka vikundi vya maigizo vilikutana katika ukumbi mmoja katikati ya mji kupewa zawadi. Sherehe ilifanywa mchana kwa sababu ya kafyu. Mwigizaji bora wa kiume alipewa saa ya mkononi, na wa kike birika la chai. Kulikuwa na sheria moja ya kipuuzi: lazima tubaki na mavazi ya mchezo mpaka zawadi ziishe, kwani Mzungu mwenyekiti alidai kwamba tukivua hatujui tena nani ni nani. Mwaka huo niliigiza mama mkwe mkorofi. Nilikuwa na gauni, kilemba, leso mbili, na matambara niliyojifunga kifuani yaliyokuwa yakiniwasha kupita kiasi.

Bwana aliyekalisha wageni alipanga watu kama kanisani, wanaume kushoto, wanawake kulia. Nilipofika mlangoni akanishika kiwiko. "Mama, huku." Kabla sijafungua kinywa nilikuwa nimeketishwa kando ya mama mmoja mnene aliyevaa viatu vipya vilivyomuuma.

Alinisalimu kwa lugha ya kwetu, magharibi. Nami nikajibu kwa sauti ya jukwaani, maana ningefanyaje, nimkoholee kiume mbele ya watu?

"Nimekuja kwa ndugu yangu," akasema. "Ni mtunza bustani Spring Valley. Lakini safari yenyewe nimekuja kumkataa mtu. Kuna mwanamume anamtaka binti yangu, na nasikia anacheza michezo ya kuigiza. Mwanamume mzima!"

Lo! Nikatazama nyuma. Mchumba wangu, binti wa mama huyu, alikuwa amesimama mlangoni, amejiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Nikajua nimekwisha.

Asiyetoka kwetu hawezi kuelewa. Kwetu, mtu na mama mkwe wake hawatazamani. Ukimwona anakuja njiani, unaingia kichakani, hata kama kina siafu. Kumgusa mkono ni mwiko, na kula naye, Mungu apishe mbali! Na mimi nilimpenda yule binti kiasi cha kukosa usingizi. Mama yake akisema hapana, basi ni hapana.

"Huyo mtu umemwona?" nikauliza.

"Nimwone vipi, na kesho huenda akawa mkwe? Wewe umekaa mjini sana, umesahau adabu." Akafungua kitambaa chake. "Kula njugu."

Nikala. Mungu anisamehe, nilikula njugu za mama mkwe wangu, tena zilikuwa tamu.

"Nasikia ni mpole," nikasema.

"Nani kakuambia?"

"Mji huu mdogo, mama."

"Anakunywa?"

"Hanywi... sana."

"Anafanya kazi?"

"Asubuhi mpaka jioni. Anafua nguo."

Akaushika mkono wangu, akaugeuza, akautazama. "Kumbe hata wewe unafua. Pole, mama mwenzangu. Mkono huu umeteseka." Hakuuachia. Nilitaka kulia, na safari hii si kwa kuigiza.

Hapo ndipo wakamtangaza mwigizaji bora wa kike, na kumbe ni mimi. Mama akanipigia makofi, akanisukuma mgongoni niende. Jukwaani, mke wa mgeni rasmi alihutubia kirefu juu ya maendeleo ya mwanamke Mwafrika, akinielekezea kidole. Kisha akanikumbatia. Pete yake ikanasa kilemba, kilemba kikang'oka, na ukumbi mzima ukaona upara wangu.

"Uuuwi! Ndiye yule anayefua!" Mama mkwe alijifunika leso kichwa kizima, akageukia nyuma. Wanawake wote wa kwetu katika safu ile walielewa mara moja, wakajifunika na kugeuka vilevile. Mgeni rasmi akadhani ni mgomo. Askari wa mlangoni akapiga filimbi. Wanaume wakaanza kutoa vipande vyao vya kitambulisho bila kuulizwa, na mimi nimesimama katikati na birika, matambara yameshuka hadi kiunoni.

Kesho yake mtunza bustani alinijia pale ninapofulia, uso mkavu. Nikaacha pasi, nikangoja hukumu.

"Dada yangu anasema wewe hajakuona," akasema. "Aliketi na mama mmoja tu, mtu mstaarabu, na mama huyo alikusemea vizuri. Basi oa. Ila birika atalichukua yeye, la kuondolea mwiko."

Tulioana, na kwa miaka yote iliyofuata tulikwepana kama inavyotakiwa, yeye nyuma ya jiko, mimi nyuma ya boma la ng'ombe. Lakini kila mke wangu alipokwenda kwao, mama yake aliuliza, "Yule mama mwenzangu wa Nairobi hajambo? Mikono yake bado inamuuma?" Naye akienda tena, namtuma, "Mwambie hajambo, anamkumbuka."

Mama mkwe alipofariki nilisimama mbali kwenye ua pamoja na wakwe wengine, kama desturi. Chai ya waombolezaji ilimiminwa kutoka birika langu, lenye masizi mpaka mdomoni. Wakwe wenzangu walilia kiume, kwa kukohoa. Mimi nililia kwa sauti ya yule mama wa jukwaani, nikamwombolezea rafiki yangu wa siku moja, na hakuna mwanamke hata mmoja pale bomani aliyeninyamazisha.