Bastola ya Sikukuu Niliyoinyamazisha

(Msomaji aliyetuletea barua hii anaishi Dodoma. Jina lake tunalo sisi tu, na halitatoka hapa.)

Amani kwenu, wasomaji. Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na minne, Mrangi wa Kondoa, fundi chuma. Niliteremka Dodoma reli ilipofika, nikaoa binti wa Kigogo, na Mungu ametupa watoto wawili. Nawaandikia ninyi wa mbali kwa sababu hapa neno likitoka asubuhi, mchana limeshafika bomani.

Akida wetu, msimamizi tuliyewekewa na Wadachi, ni mtu wa pwani, anapenda makuu. Penye ngoma lazima afyatue bunduki ya askari wake juu, wanawake wapige vigelegele. Misimu miwili iliyopita alifyatua huku amelewa sifa, bunduki ikamponyoka mkononi, risasi ikampiga mke wangu begani. Hakufa, alhamdulillahi, lakini mkono wa kulia hauinuki tena. Jiwe la kusagia haliwezi, mtoto mgongoni hawezi. Akida akatuletea mbuzi mmoja na salamu za pole. Mbuzi! Nilimla mbuzi yule kwa hasira, sitawaficha.

Mwaka huu binti yake akachumbiwa. Akida akaja kwangu na bastola ndogo ya kuenea kiganjani, ambayo wakubwa wa boma walimruhusu kuwa nayo. "Fundi, hii nitaivaa harusini na sikukuu ya Kaizari tu," akasema. "Nataka wageni wa pwani waione, waulize imetoka wapi."

Wallahi, niliifanya kazi ile kwa mapenzi. Mpini wa zamani niliutupa, nikachonga vibao viwili vya pembe ya ndovu, nikatia nyota ya shaba kila upande. Kingo zote kali nilizilainisha kwa tupa zisikwaruze kanzu. Ala nikaishona kwa ngozi ya mbuzi, ikae kiunoni chini ya joho bila kutuna. Ilikuwa imebaki kupaka mafuta tu. Mke wangu akapita na mtungi, kaubeba kwa mkono wa kushoto, maji yanammwagikia. Nikamtazama. Nikaifungua tena bastola, nikachukua tupa, nikakikata kile kimsumari kinachogonga risasi. Nilijisemea, safari hii hatatoboa mtu.

Sasa sikilizeni nilipojimaliza. Baba yangu alikuwa fundi, na kwetu fundi harudishi chombo kimyakimya. Mwenyewe anakishika upande mmoja, fundi upande wa pili, na fundi anasema mbele ya shahidi, "Hakina kasoro ninayoijua." Akishasema, ndipo anaachia. Akida anaujua mtindo wangu, akaja na shahidi wake. Shahidi mwenyewe alikuwa nani? Baba mkwe wangu! Yeye ndiye anayemwongoza Akida njia za porini. Nikayasema yale maneno, nikaachia.

Harusini Akida akachomoa, watu wakashangilia ile pembe. Akavuta. Kah! Akavuta tena, kimya. Akacheka akasema risasi zimepata unyevunyevu melini, akaletewa bunduki ya askari. Namshukuru Mungu hakuumia mtu. Nilirudi nyumbani nacheka peke yangu kama mwehu.

Kicheko kimekwisha. Huko Bahi simba ameanza kula ng'ombe, na mtu mmoja ameshachukuliwa. Akida ameapa kwenda mwenyewe mara maji ya bwawa la huko yakipungua, njia zipitike. Bunduki anayo askari, na askari huyo ameitwa kusini. Kwa hiyo watakwenda wawili, Akida na baba mkwe. Mzee atasogea na mkuki, Akida nyuma yake apige bastola ili mlio umshtue mnyama. Nilimwambia, "Baba, ile ni ya harusini, si ya porini." Akanicheka. "Mkwe, risasi mpya zimefika. Nawe ulisema mbele yangu haina kasoro. Ningesikia kwa mtu mwingine ningeogopa."

Nilimwendea Akida, nikamwomba anipe niisugue kidogo. "Iache, imependeza," akasema, akaificha chini ya joho. Nikikiri, ni hamsa ishirini, viboko ishirini na tano, kisha mnyororo, maana watasema nimeharibu silaha iliyoruhusiwa na serikali. Nikimwambia mzee peke yake, hawezi kumficha bwana wake jambo, namjua. Nikimwomba asiende, ataniuliza kwa nini.

Mke wangu nilimweleza. Aliuacha ugali ukaungua. Kisha akasema, "Bega ni langu. Mimi sikukutuma. Baba yangu akifia Bahi, usinitafute." Tangu siku hiyo ananiwekea chakula, kisha anageuka kwenda zake.

Juzi mzee kaniletea mkuki wake niunoe. Niliunoa vizuri kuliko kitu chochote maishani mwangu. Nikamkabidhi, akashika upande wake, mimi upande wangu, tukasimama. Kumbe ananisubiri. "Sema basi, Mkwe," akaniambia, "ndiyo niende na moyo mkunjufu." Nikasema mkuki hauna kasoro ninayoijua, na ilikuwa kweli. Lakini mkono ulikataa kuachia. Ilibidi auvute.

Maji ya bwawa bado yapo, ila kila treni ikija nasikia yamepungua. Gazeti lenu likinifikia kabla hawajaondoka, nitalisoma nimesimama palepale stesheni. Wazee, vijana, kina mama, nishaurini mimi niliyejiponza kwa tupa yangu mwenyewe. Niende bomani nikalale chini nichapwe, watoto wakose baba? Au ninyamaze na kumwombea mzee aliyeniamini? Nifanye nini, ndugu zangu?